Tyubu ya nne ndo iliyonifundisha osmosisi

Mpaka leo mtu akianza kuniongelesha habari za osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kwenda upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, mawazo yangu yanakimbilia kwenye tyubu nne za kioo zilizosimama kwenye stendi ya maabara. Tulikuwa wanafunzi, tumeshakariri kila kitu, tunajua kitakachotokea kabla hata hatujagusa damu: kwenye maji matupu chembe nyekundu zitavimba zipasuke, kwenye chumvi ya asilimia 0.9 zitakaa kama zilivyo, kwenye chumvi nyingi zitanywea. Na kweli tyubu tatu za kwanza zikafanya hivyohivyo. Ya nne ikakataa. Nikabaki nimeishika mkononi naiangalia, nikidhani nimekosea kupima, nikarudia tena kuanzia mwanzo na jibu likawa lilelile, ndo nikaanza kuelewa kwamba tatizo lilikuwa kwenye ile sentensi niliyoikariri, kwamba unalinganisha tu wingi wa vitu vilivyoyeyuka nje na ndani ya seli.

Kwanza nieleze unavyoona, maana wengi wanadhani lazima uwe na hadubini. Unachukua karatasi yenye maandishi unaisimamisha nyuma ya tyubu, basi. Chembe zikiwa nzima mchanganyiko unakuwa na ukungu mwekundu, mwanga ukiingia unagonga chembe mamilioni kwa mamilioni unatawanyika kila upande, huoni herufi hata moja. Zikipasuka, himoglobini, ile protini nyekundu ya ndani yake, inamwagika nje inayeyuka kwenye maji, na tyubu nzima inageuka nyekundu angavu ya kupenyeka, herufi zinajitokeza moja moja mpaka unasoma mstari mzima. Kwenye tyubu ya kwanza, ya maji matupu, hiyo inatokea haraka mno, unageuka kuchukua karatasi ukirudi imeshakuwa.

Sasa kwanini ni haraka hivyo. Plazima ya damu, yaani yale majimaji ambamo chembe zinaelea, ina vitu vilivyoyeyuka vya kutosha kufika kama miliosmoli (kipimo cha idadi ya vipande vilivyoyeyuka) 275 hadi 295 kwa kila kilo ya maji, na ndani ya chembe ni hivyohivyo, ndo maana kwenye mshipa zinakaa kwa amani. Ukiitoa chembe ukaitupa kwenye maji yasiyo na kitu, ndani kuna karibu 300 na nje kuna sifuri. Ukipiga hesabu kwa kanuni ya van 't Hoff, yule Mholanzi aliyepewa Nobel ya kwanza kabisa ya kemia mwaka 1901, kwa joto la mwili la nyuzi 37 tofauti hiyo ni sawa na mgandamizo wa zaidi ya mara saba ya ule wa hewa inayotuzunguka. Mara saba! Na kinachotakiwa kuzuia nguvu hiyo ni utando laini wa mafuta na protini wenye unene wa nanomita chache tu.

Seli ya mmea ingekuwa salama hapo, ina ukuta mgumu nje ya utando, maji yakiingia utando unaegemea ukuta na ukuta unasukuma nyuma mpaka maji mengine yanashindwa kuingia. Seli ya mnyama haina huo ukuta. Kila kitu nitakachosema huku chini kinatokana na hilo, kwahiyo lishike.

Afu majina. Wataalamu wana maneno matatu, myeyusho haipotoniki ni ule ulio hafifu kuliko seli, haipatoniki ni ule ulio mzito kuliko seli, na aisotoniki ni ule ulio sawa nayo. Hayo mawili ya kwanza yanatofautiana herufi moja tu katikati, ukiteleza kidogo umegeuza maana yote, na nimeona watu wenye akili zao nzuri wakipoteza maksi kwa hilo tu. Mi hapa nitasema hafifu, mzito na sawia.

Kitu ambacho sikufundishwa na ambacho nakipenda sana ni umbo la chembe nyekundu lenyewe. Ina upana wa maikromita 7 hadi 8, na imebonyea pande zote mbili kama godoro dogo la duara lililokaliwa katikati. Huo ubonyevu una kazi. Utando wake wenyewe hautanuki karibu kabisa, ukiuvuta eneo lake likaongezeka asilimia chache tu unachanika. Lakini kwa vile chembe haijajaa, ina utando mwingi kuliko ujazo ilionao, basi maji yakiingia inaanza kwa kujaza ile mibonyeo, inatuna tuna mpaka inakuwa mpira kamili, na kufikia hapo imeshabeba maji mengi bila utando kuvutwa hata kidogo. Kawaida ujazo wake ni kama femtolita 90, inaweza kufika karibu 150 ndo iwe mpira. Ikishakuwa mpira imeishiwa nafasi, tone linalofuata linachana.

Ndo maana chembe hazipasuki ghafla ukipunguza chumvi kidogo. Ukitengeneza tyubu nyingi za chumvi ukishusha taratibu kutoka 0.9, za kwanza zinaanza kupasuka karibu na asilimia 0.5, na ukifika kama 0.3 zimekwisha zote. Madaktari wametumia kipimo hiki miaka mingi sana, maana kuna watu wamezaliwa na chembe zilizo nusu mpira tayari, hazina ule utando wa ziada, hizo zinapasuka mapema wakati za mtu mwingine bado nzima. Na kinyume chake, mwenye selimundu au thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi, chembe zake mara nyingi zinavumilia chumvi ya chini zaidi, kwasababu zina utando mwingi ukilinganisha na kilichomo ndani. Hapo ukiangalia vizuri utaona ni hesabu ya mfuko na kilichowekwa kwenye mfuko.

Tyubu ya chumvi nyingi sina mengi ya kuisema. Maji yanatoka, chembe inanywea inajikunja, na kwenye hadubini unaiona imeota vijimiba pande zote. Ila kwa macho matupu inabaki na ukungu kama ile ya asilimia 0.9, haivuji kitu, kwahiyo ukiwa na karatasi yako tu huwezi kuzitofautisha tyubu ya pili na ya tatu. Watu hudhani kunywea ni jambo dogo kuliko kupasuka kwa vile halionekani. Sio kweli, seli iliyonyang'anywa maji protini zake zinabanana na kazi zake zinakwama, na mtu anayekunywa maji ya bahari anafanyiwa hicho hicho mwili mzima: bahari ina chumvi kama asilimia 3.5, karibu mara tatu hadi nne ya plazima kwa hesabu ya osmoli, na figo inalazimika kutumia maji mengi zaidi ya aliyokunywa ili kuitoa.

Haya, tyubu ya nne.

Ilikuwa na urea. Urea ile ile iliyomo kwenye mkojo, imeyeyushwa gramu 18 kwenye lita moja, ambayo inatoa karibu miliosmoli 300. Chumvi ya asilimia 0.9, gramu 9 kwa lita, inatoa 308 kwa vile kila kipande cha chumvi kinagawanyika kuwa sodiamu na kloridi. Kwahiyo kwa kalamu na karatasi tyubu ya pili na ya nne ni ndugu, uzito wa myeyusho ni ule ule. Nikaandika kwenye daftari kabla sijaanza, "hakuna mabadiliko". Nikadondosha damu, nikatikisa, nikainua, na ndani ya sekunde chache nikawa nasoma maandishi nyuma yake. Zimepasuka zote. Kwenye myeyusho ambao kwa hesabu ulikuwa sawa kabisa na wa ndani ya chembe.

Nilikaa na hilo siku nzima. Jibu ukishalipata ni rahisi lakini linabadilisha kila kitu. Urea inapita. Utando wa chembe nyekundu unairuhusu kuingia na kutoka kwa kasi ya ajabu, kuna protini maalumu kwenye utando ambayo ni mlango wake kabisa. Sasa fikiria, nje kuna urea tu, ndani kuna himoglobini na potasiamu na vingine ambavyo haviwezi kutoka. Urea inaingia mpaka inakuwa sawa ndani na nje, ikishakuwa sawa haihesabiki tena, imejifuta yenyewe. Kinachobaki kwenye mizani ni nini? Ndani kuna 300 ya vitu vilivyofungiwa, nje hakuna chochote kilichofungiwa. Yaani kwa macho ya seli ile tyubu ilikuwa ni maji matupu, na ikaitikia kama ilivyoitikia maji matupu.

Kwahiyo ile sentensi ya "linganisha wingi wa vitu vilivyoyeyuka nje na ndani" ina kasoro, na inanikera kwasababu inafundishwa hivyo kila mwaka bila kumaliziwa. Unatakiwa ulinganishe vitu vilivyoyeyuka AMBAVYO HAVIWEZI KUPITA. Osmolariti, yaani wingi wa vitu vyote vilivyoyeyuka, unaweza kuipiga hesabu ukiwa umekaa mezani bila kuona seli yoyote, lakini myeyusho kuwa hafifu au mzito au sawia huwezi kulijua mpaka useme ni kwa seli gani, maana kila seli ina milango yake. Ukinitajia myeyusho bila kunitajia utando hujanipa swali kamili.

Na hii sio habari ya maabara tu. Chukua dripu ya glukosi ya asilimia 5. Kwenye mfuko ina osmoli karibu sawa na plazima, ndo maana inaweza kuingia mshipani bila kupasua chembe, wakati maji matupu mshipani ni hatari ya kuua. Lakini ikishaingia seli zinaichukua ile glukosi zinaitumia, inakwisha, yanabaki maji peke yake. Kwenye mfuko ilikuwa sawia, mwilini imekuwa hafifu, ni hadithi ya urea kwa mwendo wa polepole. Dripu ya chumvi ya 0.9 haifanyi hivyo kwasababu sodiamu inabaki nje ya seli. Ndo maana wahudumu wa afya hawazibadilishi hizo mbili kiholela hata kama zote ni maji maji ya kwenye mfuko, na mgonjwa ambaye ubongo wake umevimba kwa maji hapewi ile ya glukosi peke yake.

Hapo kwenye sodiamu kubaki nje pia kuna jambo. Utando hauzuii sodiamu moja kwa moja, inavuja kidogo kidogo kuingia kila saa. Inatolewa. Kuna pampu kwenye utando inayotupa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili, inakula nishati bila kupumzika, aliieleza Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957 na akapewa Nobel mwaka 1997, miaka arobaini baadae. Seli ya mnyama imejaa protini na vitu vingine visivyoweza kutoka, kwa haki yake ingekuwa inavuta maji muda wote mpaka ipasuke hata ikiwa imekaa kwenye plazima nzuri kabisa. Haipasuki kwasababu inaichota sodiamu kila inapovuja, kama mtu kwenye mtumbwi wenye tundu anayekumba maji. Ukiizima pampu, kwa sumu au kwa kuinyima oksijeni, seli inaanza kuvimba. Wanaoangalia nyama ya kiungo kilichokosa damu kwenye hadubini, moja ya dalili za mwanzo wanazoziona ni hiyo, seli zimevimba. Mimea ilipochagua ukuta, sisi wanyama tulichagua pampu, na pampu ina gharama ya kila siku. Vidudu vya seli moja kama amiba na paramesiamu wanaoishi kwenye maji yasiyo ya chumvi ambayo ni hafifu muda wote wana njia nyingine tena, wana kifuko ndani kinachojaa maji kisha kinajibana kuyatema nje, tena na tena maisha yao yote.

Maji yenyewe yanapita wapi? Mengine yanajipenyeza kwenye mafuta ya utando, lakini kwenye chembe nyekundu mengi yanapita kwenye protini inayoitwa akwaporini, ambayo Peter Agre na wenzake waliithibitisha mwaka 1992 na ikampa Nobel ya kemia mwaka 2003. Mlango mmoja unapitisha karibu molekuli bilioni tatu za maji kwa sekunde moja. Nikikumbuka tyubu ya kwanza ilivyogeuka angavu kabla sijashika karatasi, hiyo namba inanikaa vizuri.

Nataka niseme kuhusu lile jaribio la yai maana kila mtu ameliona. Unaliloweka yai kwenye siki mpaka ganda linaisha, ukiliweka kwenye maji linavimba, ukiliweka kwenye shira nzito ya sukari linasinyaa. Ni jaribio zuri, mtoto analishika mkononi, nalipenda. Ila ile ngozi iliyobaki nje sio utando wa seli, ni wavu wa nyuzi za protini uliokuwa chini ya ganda, na ni mgumu kiasi kwamba yai linavimba bila kupasuka, kwahiyo mtoto anaondoka akidhani seli ya mnyama inavumilia maji. Naomba mkilifanya mwambieni. Kuhisi jambo lenyewe mwilini ni rahisi zaidi, maji matupu yakikuingia puani unajua yanavyochoma, lakini wanaosafisha pua kwa maji salama yaliyotiwa chumvi ya kiasi cha plazima hawasikii ule mchomo. Ngozi ya nje ya mwili haina shida hiyo kwasababu tabaka la juu ni seli zilizokwisha kufa, zimejaa keratini, protini ngumu, na zimezibwa na mafuta, vinginevyo kuoga tu kungekuwa mateso.

Sehemu inayoniogopesha kuliko zote ni ubongo. Chembe za damu zikivimba zina nafasi ya kutanukia, ubongo umefungwa ndani ya fuvu. Sodiamu ya kawaida kwenye damu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita, mtu akinywa maji mengi mno kuliko figo zinavyoweza kutoa inashuka, plazima inakuwa hafifu, maji yanaingia kwenye seli za ubongo, na dalili ni kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, kupoteza fahamu. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002 walipimwa wakimbiaji 488 baada ya mbio na asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa sana. Walikuwa wanajaribu kujitunza! Mi mtu akiniambia "kunywa maji mengi uwezavyo wakati wa mazoezi" siwezi kunyamaza, kunywa ukisikia kiu.

Na kurekebisha nako kuna mtego. Sodiamu ikiwa imekaa chini siku mbili tatu seli za ubongo zinakuwa zimejizoeza, zimetupa baadhi ya vitu vyao vilivyoyeyuka ili zisivimbe. Daktari akipandisha sodiamu kwa haraka, plazima ambayo ni ya kawaida kabisa kwa mtu mwingine inakuwa nzito mno kwa seli hizi, maji yanatoka kwa nguvu, na mishipa ya fahamu inaweza kuvuliwa ile ala yake ya mafuta, mtu akabaki na ulemavu. Myeyusho ule ule, seli ile ile, ila seli imebadilika kilichomo ndani, basi jibu nalo limebadilika.

Nirudi kwenye urea nimalizie, kwasababu kuna swali lilinisumbua muda mrefu baada ya ile siku. Chembe nyekundu inafaidika nini na mlango wa urea? Kwenye tyubu yangu huo mlango ndo uliozipasua chembe zote, kwanini mwili uweke kitu kama hicho?

Jibu liko ndani ya figo. Katikati ya figo, sehemu ya ndani kabisa, mwili unapokuwa unabana maji majimaji ya pale yanaweza kufika miliosmoli 1200, mara nne ya plazima, na karibu nusu ya hizo ni urea. Damu inapita humo. Chembe inashuka kutoka kwenye 300 inaingia kwenye 1200 afu inapanda kurudi kwenye 300, ndani ya muda mfupi. Kama urea ingekuwa haipiti, wakati wa kushuka chembe ingenyonywa maji inywee kupita kiasi. Kama ingekuwa inapita polepole, ingejaa urea kule chini kisha ikirudi juu inatoka bado imeibeba, maji yangeifuata ndani na chembe ingevimba. Kwa vile mlango uko wazi urea inaingia papo hapo inatoka papo hapo, haihesabiki kwenye mizani, na chembe inabaki kukabiliana na ile nusu nyingine tu, ya chumvi.

Kuna watu wachache ambao hawana huo mlango kabisa, damu yao inajulikana kwa kukosa alama zote mbili za kundi la damu linaloitwa Kidd. Kwamba chembe zao hazipasuliwi kirahisi na urea kuligunduliwa kwa njia ambayo ilinifurahisha sana niliposoma: kulikuwa na mashine ya kuhesabu vigandisha damu ambayo ilitumia urea nzito kuzipasua chembe nyekundu kwanza ili zisisumbue hesabu, na damu ya mgonjwa mmoja ikagoma kupasuka. Watu hawa ni wazima, wanaishi maisha yao, isipokuwa figo zao haziwezi kukoleza mkojo kwa kiwango cha wengine. Damu yao ukiidondosha kwenye tyubu yangu ya nne ingechukua muda mrefu zaidi kabla hujasoma herufi yoyote nyuma yake.